Daraja la Pili

Nachoma gunia kwa bambo, punje zinateremka
kwenye sahani nyeusi, ghala linanyamaza.
Gunia la karatasi, kilo thelathini,
jina limeandikwa kwa mwandiko ninaoujua:
Masuyo Igarashi, jaruba la chini ya reli.

Kazi yangu ni kutazama.
Punje nzuri hupitisha mwanga, kama ukucha wa mtoto.
Punje mbaya ni nyeupe,
na nimechoka kuwaeleza wageni kutoka Tokyo
kwamba weupe huu si usafi,
ni tumbo lililofungwa kabla ya kushiba.

Nyeupe. Nyeupe. Safi.
Nyeupe, mgongoni tu. Nyeupe.

Sijaisahau Agosti.
Mpunga ulipotoa mashuke jua lilikuwa kali, sawa,
jua kali tumelizoea.
Usiku ndio uliotuangusha.
Usiku uligoma kupoa.
Saa nane, watu wamelala, kipimajoto cha ukutani
kilisema ishirini na saba, nikakigonga kwa kidole
kama mtu anayemwamsha mlinzi.

Mmea nao hupumua, tulifunzwa chuoni:
kutwa unachuma, kucha unatumia kidogo,
kinachobaki ndicho punje.
Usiku ukiwa wa moto mmea unahema,
unachota kwenye mtungi
uliowekewa watoto wake.
Asubuhi majani ni yaleyale, kijani kibichi,
msafiri anachungulia dirishani mwa garimoshi
anasema, Lo, mwaka huu watavuna!

Masuyo alijua. Nilimwona mara mbili, taa kichwani,
akifungua mlango wa mfereji apitishe maji ya mlimani,
maji baridi, maji ya zamu,
nusu saa kila jaruba na si zaidi,
kwa kuwa theluji ilikuwa haba
na bwawa lilishaanza kuonyesha mbavu.
Mara ya pili zamu yake ilikwisha, hakufunga.
Hoshina, mwenye zamu iliyofuata, alikuwa amesimama ng'ambo,
mikono nyuma,
anasikiliza maji yake yakiingia kwa jirani.
Nilizima taa za gari, nikapita.
Hilo sikuliandika popote.

Sabini kwa mia ndio mpaka.
Naipata sitini na sita.
Natikisa sahani, nahesabu upya,
kana kwamba punje zitaona haya.
Sitini na tano.

Yuko mlangoni, kofia mkononi.
"Andika," anasema. "Ya Hoshina uliandika."
Muhuri ni wa mpira, hauna sauti kubwa,
lakini mbwa wa ghala aliinua kichwa.
Pengo la bei ni mafuta ya mashine ya kuvunia
na deni la kikaushio.
Ni hilo tu. Watu hawafi kwa hilo.
Wanauza jaruba moja, halafu la pili,
halafu unasikia yuko kwa mwanawe Saitama,
ghorofa ya tisa, anamwagilia kitunguu kwenye kopo.

Nikamuuliza: mwakani utapanda ile mbegu mpya,
ile isiyojali joto?
"Nimeionja," akasema.
"Ni wali. Haina kosa. Ila ni..."
Akalitafuta neno. Akainama kufunga kamba ya kiatu
iliyokuwa imefungwa.

Jioni nilikoboa punje za sahani yake, nikazipika.
Sufuriani hakuna daraja:
wali wote ni mweupe,
mvuke ni uleule, hata ukoko uligandama vizuri.
Nikatafuna polepole, nikiutafuta ule usiku.
Labda ulikuwepo, kidogo, pembeni mwa ulimi,
labda ni mimi.

Dirisha lilikuwa wazi.
Oktoba inakwisha,
na sweta bado liko sandukuni.